Nyumba ya Ibada Kati ya Maghorofa: Utunzaji wa Majengo ya Kale Katikati ya Jiji la Dar es Salaam

(Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Abiria anayevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni akitazama upande wa mji, leo huona kwanza vioo. Huona jengo la Mamlaka ya Bandari, minara pacha ya mfuko wa pensheni, mabenki na mahoteli. Kanisa Kuu la Azania Front lipo palepale lilipokuwa, na kuta zake nyeupe na paa lake la vigae vyekundu, lakini jicho hulitafuta. Wazee waliobatizwa pale wanakumbuka mnara wake ulipokuwa alama ya kutambulisha mji wote. Mnara haukushuka hata futi moja. Ni mji uliopanda. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa.

Usharika unapotimiza karne moja, swali la majengo yake haliwezi kukwepwa, hasa kwa sharika ambazo viwanja vyao vimejikuta katikati ya biashara. Mada hii inahusu majengo ya kale ya katikati ya Dar es Salaam kwa jumla, ya Kanisa na yasiyo ya Kanisa, kwa sababu yote yamo katika hatari ileile, na dawa ya moja ni dawa ya jingine. Hoja yake ni hii: jengo la kale halilindwi kwanza na sheria. Hulindwa na mwenyewe anayelitumia, anayelikagua, na anayejua limejengwa kwa nini. Sheria hufika baadaye, na mara nyingine hukuta kifusi.

Mji mchanga kuliko sheria yake

Sheria ya Mambo ya Kale, Na. 10 ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hulindwa tu ikiwa Waziri amelitangaza rasmi. Tarehe hiyo inafaa kwa Kilwa, na kwa magofu ya Kaole na Kunduchi. Kwa mji wa Dar es Salaam ni tarehe yenye kejeli kidogo, kwa kuwa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu, kando ya kijiji cha Mzizima, katikati ya miaka ya 1860. Maana yake ni kwamba hakuna hata ukuta mmoja wa mji wa Majid unaolindwa kwa umri wake pekee. Mji ulichelewa kuzaliwa kwa miaka michache, na kila jengo lake la kale linahitaji kuombewa.

Majengo yenyewe si mengi. Boma la Kale, karibu na bandari, lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani. Hatua chache kutoka hapo ipo Nyumba ya Atiman, nayo ya enzi ya Majid, ambayo Mapadre Weupe waliinunua katika miaka ya 1920 na kuipa jina la Adrian Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu, akatumika Karema kando ya Ziwa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Ocean Road ni ya mwaka 1897. Kanisa la Mtakatifu Yosefu la ndugu Wakatoliki, na Azania Front yenyewe, yalijengwa karne ya 19 ilipokuwa ikigeukia ya 20. Yapo pia majumba ya Serikali ya Kijerumani upande wa Kivukoni, Ukumbi wa Karimjee ambamo Bunge la kwanza lilikutana, na nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi katika mitaa ya Uhindini, ambazo wenyewe walizoea kuandika juu, chini ya paa, jina la ukoo na mwaka wa ujenzi. Mwaka 1995 Serikali ilitangaza baadhi ya majengo ya katikati ya jiji kuwa urithi unaolindwa. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, apitaye leo katika mitaa ya Uhindini akitazama juu atakuta mapengo mahali palipokuwa na majina hayo.

Nyumba hizo za Uhindini zina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majengo, na mwaka 1990 zikaunganishwa na mali za Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji aliyekaa humo kwa miongo miwili au mitatu alilipa kodi ndogo, naye hakuwa na sababu ya kutengeneza dari ya nyumba isiyo yake. Vigae vilipovunjika viliwekewa bati, na bati lilipotoboka likawekewa ndoo. Kufikia wakati bei ya viwanja ilipopanda, mvua ilikuwa imekwisha kuifanya kazi nusu, na mwenye tingatinga akamalizia.

Lawama ya ukoloni

Ipo hoja inayosemwa waziwazi katika vikao, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa: haya ni majengo ya wakoloni. Waarabu waliyajenga kwa kazi za watumwa, Wajerumani wakayajenga kwa viboko, Waingereza wakagawa mji katika Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Kwa nini Mwafrika Mkristo achangie fedha za kutengeneza paa la Mjerumani?

Yaliyosemwa ni kweli, na hakuna faida kuyaficha. Hata jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya wazungu hadi wakafa njiani kwa maelfu. Lakini mawe hayakukatwa na gavana. Matumbawe yalichimbwa pwani na watu wa pwani, chokaa ikachomwa na watu wa pwani, boriti za mikoko zikaletwa kwa majahazi, na mafundi wakajenga kuta kwa ujuzi ambao ulikuwepo katika mwambao huu karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Kijerumani. Anayebomoa Boma la Kale anaibomoa kazi ya mababu pamoja na jina la Sultani. Na upo upande wa Kanisa. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ibada hazikukoma. Walimu na wazee Waafrika ndio waliozishika. Kuanzia hapo majengo yale yalianza kuwa yao kwa kazi, kabla hayajawa yao kwa hati.

Mfano ulio bora kuliko yote uko Zanzibar. Kanisa Kuu la Waanglikana la Mkunazini lilijengwa katika miaka ya 1870 mahali palipokuwa na soko la watumwa. Hakuna jengo la ibada katika Afrika Mashariki lililosimama juu ya kumbukumbu nzito zaidi. Wenyewe hawakulibomoa kwa aibu wala hawakulipamba na kunyamaza. Walilikarabati, na mwaka 2016 kikafunguliwa hapo kituo cha maonyesho kinachoeleza biashara ya utumwa kwa yeyote anayeingia. Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa wasimamishe mawe kumi na mawili ili watoto watakapouliza, wazazi wawe na la kujibu. Mawe ya Mkunazini yanaulizwa kila siku.

Wala urithi haukomei kwa wageni. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege ambalo halifanani na soko lolote la Ulaya. Liliungua Julai 2021. Jengo hilo lilikarabatiwa badala ya kuondolewa, na jengo jipya likaongezwa kando yake. Jambo hilo halikusifiwa vya kutosha.

Adui aitwaye saruji

Washarika wengi wakisikia neno kubomolewa huwaza tingatinga. Majengo mengi ya chokaa, hata hivyo, huuawa kwa upendo, na silaha ni mfuko wa saruji ulionunuliwa kwa mchango wa akina mama.

Ukuta wa kale wa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, unene wake nusu mita au zaidi. Ukuta huo hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini, huyanywa kutoka hewani wakati wa masika, kisha hukauka kwa kuyatoa nje kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vidogo visivyoonekana. Kwa lugha ya mafundi wazee, ukuta unapumua. Ukipigwa lipu ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta, unazibwa pua. Maji yanaendelea kupanda kutoka chini lakini hayana pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi, yakibeba chumvi. Chumvi inapokauka ndani hugeuka fuwele na kusukuma, na lipu inatoka vipande vipande. Kamati inaona lipu imebanduka, inaagiza saruji nzito zaidi. Baada ya miaka kumi, moyo wa ukuta umekuwa unga, na mhandisi anayeitwa anaandika, kwa haki kabisa, kwamba jengo si salama. Kila hatua ilichukuliwa kwa nia njema.

Boriti nazo zina hadithi yake. Mti wa mkoko una urefu wake, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, hata katika jumba la Sultani. Ncha ya boriti hukaa ndani ya ukuta, na hapo ndipo unyevu na mchwa hukutana pasipoonekana. Paa linalovuja kwenye kona moja tu huweza kuozesha ncha tano za boriti wakati dari katikati ya chumba bado ni nyeupe na nzuri. Mkaguzi anayetazama katikati ya chumba hajakagua kitu.

Katikati ya jiji kuna hatari ya tatu ambayo vijijini haipo, nayo ni jirani. Jirani anayejenga ghorofa ishirini huchimba chini kwa ajili ya maegesho, na ili achimbe pakavu hupiga pampu maji ya ardhini usiku na mchana. Ardhi ya mchanga iliyozoea maji hushuka maji yanapoondoka, na jengo la kale lenye msingi mfupi hushuka nayo, upande mmoja kuliko mwingine. Ufa ukitokea, mkandarasi husema ulikuwepo. Usharika usio na picha zenye tarehe hauna la kujibu.

Wala asidhani mtu kwamba upya ni usalama. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, na watu zaidi ya 30 walikufa. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua tena. Kwa upande mwingine, kutangazwa kuwa urithi si kinga. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, imo ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sehemu ya baraza yake ilianguka mwaka 2012. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, wakati matengenezo yakiendelea, mbele ya jumba pamoja na mnara vikaporomoka na watu wawili wakafa. Sheria ilikuwepo, Mamlaka ilikuwepo, cheti cha dunia nzima kilikuwepo. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni ukarabati wa kila mwaka, ule mdogo usiozinduliwa na mtu.

Hesabu ya kiwanja

Yafaa sasa kusema juu ya fedha, kwa kuwa ndizo zinazoamua. Usharika wa katikati ya jiji unapokea barua. Mwekezaji anaomba ubia: Kanisa litoe kiwanja, yeye atoe mtaji, ghorofa lipande, na usharika upewe ukumbi mpya wa ibada orofa ya pili pamoja na asilimia fulani ya kodi. Barua huja na mchoro mzuri wa rangi, na katika mchoro miti ni mingi kuliko iliyopo. Wazee wa Kanisa si watu wa tamaa. Wana zahanati ya kuendesha, wana mitaa mipya Chanika na Kibaha isiyo na paa, na washarika wengi wamehama katikati ya jiji kwenda kuishi huko. Swali la kwa nini fedha zilale juu ya kiwanja wakati Injili inahitaji gari ni swali halali.

Jibu halimo katika kukataa kila barua. Kanisa si jumba la makumbusho, na si kila jengo la zamani linastahili kubaki. Yapo mabanda yaliyozeeka bila kuwa na maana yoyote. Lakini kuna tofauti kati ya kiwanja na jengo. Azania Front inatoa mfano wa jambo hilo: kanisa limebaki kanisa, na kando yake Jengo la Luther House limekuwa likitoa ofisi na malazi. Kiwanja kilichopimwa vizuri mara nyingi huwa na pembe inayoweza kubeba jengo la kitega uchumi bila kugusa nyumba ya ibada, na sehemu ya kodi ikafungwa kwa katiba ya usharika kuwa ya matengenezo ya jengo la kale tu. Kamati isiyopimisha kiwanja chake kabla ya kumjibu mwekezaji inajadili bei ya kitu isichokijua.

Vilevile jengo lililobadilishiwa kazi huishi. Ile iliyokuwa klabu ya Waingereza pale Kivukoni, ambayo Mwafrika hakuingia ila kama mtumishi, ikawa Hoteli ya Forodhani na hatimaye Mahakama ya Rufani. Boma la Kale lilikarabatiwa kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya na kwa juhudi za Chama cha Wasanifu Majengo, likafunguliwa mwaka 2017 kuwa kituo cha historia ya usanifu wa jiji. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, majumba kadhaa ya Kivukoni yamepoteza wizara zake. Jumba tupu huharibika haraka kuliko jumba lenye watu, kwa sababu hakuna anayelalamika paa likivuja. Makanisa yana neema ambayo majumba hayo hayana: kila Jumapili mamia ya watu huketi chini ya paa hilo, na tone la kwanza humwangukia mtu.

Kukagua kabla ya kusema

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa mkutano wala kwa mchango. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka ukuta, akatazama palipobomoka na palipoungua, na wakuu wa mji hawakujua. Ndipo akazungumza nao. Kwa usharika wenye jengo la kale, mzunguko wa namna hiyo hauna gharama kubwa. Hufanywa mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kabla ya masika na mwezi Juni baada yake. Hupanda mtu juu ya paa na kutazama vigae na mifereji, kwa kuwa nusu ya magonjwa ya ukuta huanzia kwenye mfereji ulioziba majani. Hutazamwa ncha za boriti kwa kuchomwa na bisibisi, ikizama, imekwisha. Hutazamwa maji ya viyoyozi yanadondokea wapi. Kila ufa hupigwa picha ukiwa na rula kando yake, picha ikatiwa tarehe, na kazi hiyo ikakamilika kabla jirani hajaweka uzio wa mabati. Fundi anayependekeza saruji juu ya chokaa hushukuriwa na kurudishwa nyumbani. Mafundi wa chokaa bado wapo Zanzibar na Bagamoyo, ingawa ni wachache na umri wao umekwenda. Kijana mmoja wa usharika akipelekwa kukaa nao mwaka mzima, gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka rangi upya.

Matokeo ya ukaguzi huandikwa katika kitabu. Sharika za Kilutheri zimetunza vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi kupitia vita viwili vya dunia, na mtu bado anaweza kulipata jina la babu yake humo. Kitabu cha jengo kiwekwe katika kabati hilohilo, chini ya ufunguo huohuo: michoro yote iliyopo, jina la kila fundi, kilichotumika na kiasi gani, mwaka gani paa lilifunguliwa na kilichoonekana ndani. Mzee wa Kanisa anayekabidhi madaraka na amkabidhi mwenzake kitabu hicho pamoja na hati ya kiwanja, wote wawili wakiwa wamesimama ndani ya jengo lenyewe, kurasa zimefunguliwa, wakitazama juu.